Kifaru cha Kijerumani na Dume la Mahari

Katika miaka ya sabini mume wangu alikuwa fundi mitambo kwenye mgodi wa almasi, na starehe yake ilikuwa moja tu: kuunganisha vitu vidogo. Mhandisi mmoja wa Kizungu, alipomaliza mkataba na kurudi kwao, alimwachia boksi lenye vipande vya plastiki. Ukivibandika kwa gundi kama karatasi ya maelekezo inavyosema, unapata kifaru cha vita cha Wajerumani, chenye ukubwa wa kiganja, na mzinga wake mbele. Kila Jumamosi akirudi nyumbani kwetu Shinyanga mjini, alitandika gazeti mezani na kuanza kukwangua vipande vile kwa wembe. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikaa upande wa pili wa meza ileile nikisahihisha madaftari. Tulikuwa na amani.

Amani hiyo ilivurugwa na magego ya baba yangu.

Baba alitoka kijijini Ushetu kuja hospitali kung'olewa meno, akakaa kwetu fizi zipone. Lazima nieleze jinsi yeye na mume wangu walivyokuwa wakiishi. Kwetu mkwe anaheshimiwa mno. Mume wangu aliinama akatoa shikamoo, baba akaitika marahaba huku akitazama ukuta, basi, maongezi yamekwisha. Tangu tuoane sikuwahi kuwasikia wakiambiana jambo jingine. Baba akitaka chumvi iliyoko mbele ya mkwewe, ataniita mimi nitoke jikoni nije nimsogezee.

Jumamosi hiyo mume wangu alifungua kopo la rangi ya kijivu aliyoiomba karakana. Picha ya kwenye boksi ilionyesha kifaru cha kijivu kikipita jangwani, mitende ikionekana kwa mbali. Baba alikuwa amekaa dirishani, shavu limevimba kama ameficha kiazi. Alimwona mkwewe akichovya brashi, uvumilivu ukamshinda.

"Mwanangu, muulize mumeo, hicho si kifaru cha Mjerumani?"

"Mwambie mzee ndicho," alijibu mume wangu, macho kwenye brashi. "Cha vita vya Libya."

"Basi mwambie rangi amekosea. Vya Libya vilikuwa vya manjano."

Nilijua kwamba baba alikwenda vitani. Waingereza walimchukua akiwa kijana, wakampeleka Misri na Libya kuchimba mahandaki na kupakua mizigo ya jeshi. Lakini hakuwa msimuliaji. Sisi watoto tulichokijua kuhusu vita yake ni koti zito lililoliwa na nondo, ambalo mama alilitumia kufunikia vifaranga.

"Mwambie mzee," alisema mume wangu kwa adabu kubwa, "waliotengeneza boksi hili ni watu wa hukohuko Ulaya. Wana picha zao."

"Mwambie mumeo mimi nimekaa kwenye kivuli cha kifaru kama hicho, walichokiacha wakikimbia. Nimekiegemea kwa mgongo huuhuu."

Nikawa nageuza shingo huku na huku. Wote wawili walikuwa wanasikilizana vizuri kabisa, chumba chenyewe kilikuwa cha kujibana, lakini kila neno lilipaswa kupita kwangu kwanza. Madaftari ya wanafunzi yalibaki bila kusahihishwa.

Mume wangu hakuweza kumkatalia mkwe, na hakuweza kuliacha boksi lake. Akachagua njia ya kati: akachanganya manjano na nyeupe, akadondoshea kidogo rangi nyekundu ya mabati, akapaka kwenye vibao vidogo na kuvipanga dirishani. Baba alivikagua kimoja kimoja.

"Mwambie hii ni ya mandazi. Hii ya uji wa ulezi. Hii, mwanangu, hata sijui ni ya nini, mwambie aitupe."

"Sasa muulize mzee ni manjano ya namna gani," alisema mume wangu, na safari hii nilisikia jasho katika sauti yake.

Baba alifikiri, akishika shavu. Kisha uso ukamng'aa. "Mwambie mumeo ni rangi ya yule dume mkubwa aliyemleta kwenye mahari."

Mume wangu aliweka brashi chini. Akageuka kiti kizima.

"Baba! Yule dume alikuwa wa kijivu!"

Nilikuwa nimeshika birika la chai. Nikalishikilia hivyohivyo hewani. Mume wangu alitambua alichofanya, akajaribu kuinamisha kichwa, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Baba aliuacha ukuta wake, akamtazama mkwewe usoni, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Kijivu?" aliuliza. "Mkwe, siku ile ulikuwa unamtazama dume au ulikuwa unamtazama binti yangu?"

Nilicheka mpaka chai ikamwagika. Mume wangu naye akaanza kucheka, halafu baba, akishika fizi zake na kulalamika kwamba tunamuua.

"Nilimtazama, baba," mume wangu alisema alipopata pumzi. "Nilimnunua mnadani, nikamswaga kwa miguu mpaka kwako, niko nyuma ya mabega yake njia nzima. Kijivu."

"Mimi ninaye zizini. Ninamwona kila asubuhi. Manjano."

"Basi twende tukamwone."

"Twende!"

Na kweli tulikwenda. Shavu la baba liliponywea, mume wangu aliomba ruhusa kazini, akafunga vibao vyake kwenye kitambaa, na mimi nikakataa kuachwa nyuma. Tulipanda basi hadi Kahama, kisha lori lililokuwa likienda kuchukua tumbaku. Wao wawili walikaa juu ya magunia matupu wakibishana kuhusu ng'ombe njia nzima, moja kwa moja, bila kunipa kazi yoyote.

Mama alitupokea uani. "Mwadila," alitusalimu, akatazama vibao mkononi mwa mkwewe. Nilipomweleza tulichofuata, alikaa chini kabisa. "Mmetoka Shinyanga kuja kumwangalia ng'ombe?"

Dume, ambaye sasa alikuwa maksai wa jembe, aliletwa kutoka shambani, nira ikiwa ndiyo kwanza imetolewa. Mume wangu alimsogezea vibao ubavuni, kimoja baada ya kingine, na maksai akasimama kwa upole kama anapimwa suti. Kibao kimoja kilipotea kabisa kwenye manyoya yake. Kilikuwa ni kile ambacho baba alikiita cha uji wa ulezi.

"Manjano," alisema baba.

"Manjano ya uji," alikubali mume wangu. "Lakini tazama hapa, baba." Alionyesha mabega na shingo. Nira ilikuwa imekwangua manyoya kwa misimu mingi, na chini yake ngozi ilikuwa ya kijivu, kijivu kilekile cha boksi.

Nilidhani baba atapinga. Badala yake alinyoosha mkono, akaipapasa ile shingo pole pole.

"Hata kile kifaru, chini kulikuwa na kijivu," alisema. "Tulikuwa wawili kwenye kile kivuli. Mwenzangu alikuwa kijana wa Kharumwa. Alichukua msumari akaandika jina lake kwenye chuma, anasema Wajerumani wajue alifika. Msumari ulipopita, rangi ya mchanga ilitoka, herufi zikawa za kijivu. Walikuwa wamepaka moja juu ya nyingine." Akaendelea kuipapasa ile shingo. "Yeye homa ilimchukua kulekule. Jina lake nilikuwa sijalitamka muda mrefu." Akalitamka.

Mume wangu alikaa kando yake juu ya gogo la zizi. Hakuniambia nimuulize chochote. Alimuuliza mwenyewe: yule kijana alikuwa mtu wa namna gani? Na baba akajibu. Alisema alikuwa mchekeshaji, mvivu wa kuchimba, mwimbaji mzuri, na kwamba aliiga sauti ya sajenti wao wa Kiingereza hadi watu wakasimama kwa amri wakidhani ni sajenti mwenyewe. Baba akaigiza ile sauti. Mama yangu, aliyeishi naye miaka yote hiyo, alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akisikiliza kitu ambacho hata yeye hakuwahi kukisikia.

Tuliporudi Shinyanga mume wangu alikipaka kifaru kijivu kote, akakiacha kikauke, kisha akapaka rangi ya mchanga juu yake. Kwa ncha ya sindano akaandika ubavuni jina la yule kijana wa Kharumwa, herufi ndogo mno, za kijivu. Alimpelekea baba wakati wa mavuno. Baba alikigeuza geuza karibu na macho, akasoma, akakiweka juu ya redio yake.

"Minyororo umeikosea," alisema. "Lakini rangi ndiyo."

Mwaka uliofuata dereva wa lori la tumbaku alituletea ujumbe kutoka Ushetu. Mzee anamsalimu mkwe wake, na anauliza kama kuna mahali anaweza kupata lori dogo la jeshi la Waingereza la kuunganisha, kwa sababu hilo alilipakia mizigo mwenyewe na rangi yake hahitaji kubishana na mtu.