CV Isiyo na Muhuri

Jibu lilikuja kabla chai yangu haijapoa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mama ntilie, mkabala na steshenari moja ya Mpanda mjini, na nilikuwa nimetoka tu kutuma maombi ya kazi ya mtunza stoo kwenye kampuni inayonunua mpunga na mahindi. Simu ikatetemeka. Waliandika kwa Kiingereza cha heshima kwamba wanashukuru kwa kuvutiwa kwangu na kampuni yao, na kwamba hawataendelea na maombi yangu. Nikaangalia kikombe, nikaangalia simu. Hivi hawa watu wanasoma haraka namna hii?

Ilikuwa CV nzuri, hilo nalisema hadi leo. Dada wa steshenari aliizungushia fremu ya maua, akaliweka jina langu juu kwa herufi nene zenye kivuli, picha ya pasipoti akaipachika kulia, na chini yake akachora jedwali: upande mmoja dini, hali ya ndoa na lugha, upande wa pili kazi nilizofanya. Alipomaliza aligeuza skrini nione.

"Kaka, hii inaingia bila kubisha hodi."

Tukaichapa. Halafu nikafanya jambo ambalo sikuambiwa na mtu: nikaipeleka ofisi ya kata ikagongwe muhuri. Huku kwetu karatasi isiyo na muhuri hatuiamini. Kuuza ng'ombe ni muhuri, kumhamisha mtoto shule ni muhuri, na barua ya utambulisho bila muhuri ni maneno matupu. Mtendaji aliitazama, akaniuliza, "CV nayo inagongwa siku hizi?" Nikamwambia igongwe tu, haidhuru. Akagonga juu ya saini yangu, wino wa bluu ukakaa vizuri bila kutapakaa. Nikarudi steshenari, tukaipiga skani, nikaituma nikiwa na moyo mkunjufu.

Niseme kwa nini kazi ile niliihitaji. Mama yangu anaishi Mwamkulu, nje kidogo ya mji, kwenye nyumba ileile niliyokulia. Nimeondoka pale mara nyingi mno. Tangu nimalize kidato cha nne miguu yangu haijawahi kutulia. Nikisikia honi ya treni ya Tabora, mkono unaenda wenyewe mfukoni kutafuta nauli. Na kila nilipoondoka mama alisimama kwenye kona ya jiko, mikono ikiwa na unga, akauliza swali lake moja: "Utarudi lini?" Nami nilijibu mwaka huuhuu, mama. Mara nyingine ilikuwa kweli.

Safari hii nilirudi nikitaka kubaki. Magoti yake hayapandi tena kingo za majaruba ya mpunga, na ndoo ya maji anaibeba nusu. Lakini shamba lake dogo halitoshi watu wawili, na mimi nimeshazoea mshahara. Msimamizi wangu wa zamani kule Tunduma alikuwa amenishikia nafasi hadi mwisho wa mwezi. Nikikosa kazi hapa, narudi barabarani. Mama alilijua hilo, ingawa hatukulizungumza.

Nilimpigia mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam kwenye ofisi ya kutafutia makampuni wafanyakazi. Nilitaka kulalamika tu. Alinisikiliza, kisha akaniambia nimtumie ile CV aione. Baada ya muda mfupi akapiga.

"Mjomba, hii hakuna mtu aliyeisoma."

"Wamejibu, wewe."

"Imejibu programu. Siku hizi maombi yanapokelewa na programu kwanza. Inatafuta maneno yaliyo kwenye tangazo la kazi. Ikiyakosa, inakutoa, binadamu hata hajui kama uliomba."

"Maneno yote yapo mle."

"Yapo kwenye picha. Ulichotuma ni picha ya karatasi. Zile programu nyingi hazisomi picha. Imefungua, ikakuta hakuna neno hata moja."

"Hata muhuri haikuuona?"

Alicheka hadi nikasikia anatua kitu mezani. "Hata muhuri, mjomba wangu jamani. Na hiyo fremu ya maua, ni CV au kadi ya harusi?"

Kampuni ilikuwa imetangaza nafasi mbili. Ya Mpanda mjini ndiyo niliyoikosa. Ya pili ilikuwa Majimoto, kule Mpimbwe, na dirisha la maombi lilikuwa bado wazi. Sikuiomba mwanzo kwa sababu ni mwendo mrefu kutoka Mwamkulu. Nilimuuliza mama jioni ile. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua uso. "Majimoto ni hapahapa. Nikiugua asubuhi, jioni umefika. Tunduma wewe nitakuona kwenye simu."

Kesho yake nilirudi steshenari, simu nikaiweka mezani, spika imewashwa, mpwa wangu akawa anaongoza kutoka Dar. Dada wa steshenari hakufurahi. Alipoambiwa aondoe maua, aliondoa. Alipoambiwa aondoe picha, akaniangalia. Alipoambiwa aondoe jedwali, dini na hali ya ndoa, aliacha kabisa kuchapa.

"Dada wa kwenye simu, sasa tunabaki na nini? Hii si orodha ya sokoni?"

"Tunabaki na kazi alizofanya, dada yangu. Mistari iliyonyooka, kitu juu ya kitu. Mashine ikikuta jedwali inachanganya kushoto na kulia."

"Basi ikikuta mtu mzuri je?" Akanitazama nilivyo, akacheka mwenyewe, akaendelea.

Halafu tukaanza kuandika kazi zangu, na hapo ndipo mambo yaliponigeukia. Mimi nilizianza tangu mwanzo, kama mtu anavyosimulia. Mpwa akanikatiza. "Anza na ya mwisho, mjomba. Halafu urudi nyuma."

Nikaanza na Tunduma. Malori yamepanga foleni hadi yanapotelea, vumbi, madereva wanaopika ugali chini ya tela. Pale nilihesabu mizigo ya mpakani. Mpwa alisoma tangazo kwa sauti: wanataka mtu wa kupokea mzigo, kuhakiki uzito, kutunza kumbukumbu za stoo na kutoa mzigo kwa utaratibu. "Tumia maneno yao hayohayo," akasema, "lakini yale tu uliyoyafanya kweli. Usiongeze. Binadamu atakuja kukuuliza."

Kabla ya Tunduma, Kahama.

"Kahama ulikuwa nani?"

"Walikuwa wananiita Chifu."

"Mashine haimjui Chifu. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nakaa mlangoni pa ghala. Gunia haliingii sijaliona, halitoki sijaliona."

"Huyo ni mtunza stoo. Andika mtunza stoo."

Dada akaandika. Chifu akafutika hivyo, na pamoja naye wapagazi wangu waliokuwa wakiniimbia kila asubuhi ili niwaruhusu waanze na malori mepesi. Nilitaka kuwasimulia wimbo wenyewe, lakini dada alikuwa amekwisha kushuka mstari unaofuata.

Kabla ya Kahama, Kaliua, maghala ya tumbaku. Sijawahi kusahau ile harufu, tamu kama asali iliyoungua kidogo. Nguo zangu zilinukia hata baada ya kufuliwa, na kwenye treni watu walijua natoka wapi kabla sijafungua mdomo. Hilo nalo likawa mstari mmoja: kupanga marobota, kuhakiki uzito.

"Sasa hapa pana pengo," mpwa akasema. "Kabla ya Kaliua. Karibu miaka miwili hamna kitu. Ulikuwa wapi?"

Dada wa steshenari akageuka.

"Nilikuwa Mwamkulu," nikasema. "Babu yako alipougua."

Nilikuwa nyumbani. Nilimbeba baba kumpeleka juani asubuhi na kumrudisha jua likikaza. Nililima jaruba lake kwa vile yeye hakuweza tena, akaniangalia akiwa kwenye kiti na kunikosoa namna ninavyoshika jembe. Tulivuna, nikauza sehemu, sehemu nikaiweka ghalani. Tulipomaliza kumzika, nikakaa msimu mmoja zaidi na mama, kisha nikapanda treni. Kati ya miaka yote niliyoiandika pale, hiyo peke yake ndiyo niliyolala chini ya paa la kwetu, na kwenye CV ilikuwa nafasi nyeupe.

Sauti ya mpwa wangu ikawa ya chini. "Iandike, mjomba. Si pengo hilo. Andika kilimo cha mpunga na mahindi, Mwamkulu. Kuvuna, kuhifadhi na kuuza mazao ya familia. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Dada, mwandikie."

Na nyuma ya Mwamkulu palibaki sehemu moja tu, kazi yangu ya kwanza. Sikuwa nimewaza kwamba nikirudi nyuma kazi kwa kazi, nitaishia Majimoto.

Nilikuwa kijana mwembamba aliyetoka kufanya mtihani wa kidato cha nne, na mwenye mashine ya kukoboa mpunga alinichukua kwa sababu nilijua kuandika haraka. Nilijifunza kushona gunia kwa shazia, ile sindano ndefu inayotaka kiganja kigumu. Nilijifunza kuchoma gunia kwa bambo, ule mrija wa chuma uliochongoka, mpunga ukashuka kiganjani nikaung'ata kusikia kama umekauka. Pumba zilituwasha shingoni mchana kutwa. Jioni tuliteremka kwenye chemchemi za maji ya moto, tukakaa humo tukitaniana juu ya wasichana wa Mamba, kijiji cha jirani, ambao hata majina yetu hawakuyajua, mvuke umetuzunguka, ngozi ikaacha kuwasha. Niliamini kwamba hapo ni mwanzo tu, kwamba dunia yote iko mbele na nitaiona. Nimeiona kiasi changu. Chemchemi kama ile sikuikuta tena.

"Mjomba? Upo?"

"Nipo. Andika kupima, kushona, kupanga magunia."

Ikawa kurasa mbili, nyeusi kwa nyeupe, bila ua hata moja. Mpwa akaagiza isichapwe, isipigwe skani, litumwe faili lenyewe kama lilivyo kwenye kompyuta. "Dada, jaribu kunakili mstari mmoja uubandike kwingine. Ukinakilika, mashine itausoma." Ukanakilika. Nikauliza kwa mara ya mwisho kuhusu muhuri. Wote wawili wakanizomea.

Nyumbani mama aliniuliza nimeandika nini. Nikamtajia Tunduma, Kahama, Kaliua. Akauliza, "Umewaandikia kwamba umerudi?"

Nikamwambia hakuna sehemu ya kuandika hivyo. Akasema hiyo karatasi basi haijakamilika.

Siku zilipita kimya. Kila simu ikitetemeka mama aliacha alichokuwa anafanya. Msimamizi wa Tunduma alipiga, nikamwomba anivumilie kidogo. Mwezi ulikuwa umebakiza siku chache ujumbe ulipokuja: niende kwenye usaili, ofisini kwao Mpanda mjini.

Aliyenisaili alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, ameichapa CV yangu mwenyewe, kurasa mbili kavu. Aliniuliza kuhusu unyevu wa mpunga, panya, funguo za ghala. Kisha akavua miwani.

"Kaka, umehama sana. Tunduma, Kahama, Kaliua. Nikikupa Majimoto, utakaa?"

Swali hilo nililijua, lilikuwa la mama likiwa limegeuzwa. Nikaweka kidole kwenye ule mstari wa Mwamkulu. "Hapa nilikaa," nikasema. "Kwa sababu ya baba. Sasa ni mama."

Aliusoma ule mstari taratibu. Kisha akaandika kitu pembeni yake.

Leo nina funguo za ghala la Majimoto. Jioni nyingine nashuka chemchemi. Wanaotaniana humo sasa ni vijana wenye pikipiki, nami nakaa pembeni nikiwasikiliza. Mwisho wa juma nikipata ruhusa naenda Mwamkulu. Juzi nilimkuta mama na jirani yake, wameikunjua mezani ile CV ya kwanza, yenye maua na picha. Sikujua kama aliitunza. Alikuwa anamwonyesha jirani ule muhuri wa bluu.

"Ndio huu uliompatia kazi," akasema.

Sikumsahihisha. Nikanywa chai, nikafunga begi, nikatoka. Mama alisimama kwenye kona ya jiko, mikono ina unga, nami nikasubiri swali lake.

"Ukija," akasema, "niletee chenga za mchele za kuku wangu."