Nilikuwa Jicho la Nyanya

Juzi nilialikwa harusi mjini Saint Paul, jirani na Minneapolis, na harusi zetu za huku ughaibuni unazijua: kadi ilisema saa nane, bwana harusi akafika saa kumi na moja. Nilijitafutia kiti kwenye meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu sahani huanzia pale na mimi si mgeni wa mambo hayo. Mara akaja mzee mmoja mrefu mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, ameshikwa kiwiko na binti yake. Ndevu zilikuwa zimeshakuwa nyeupe, lakini nilimjua kabla hajavuta kiti.

"Shikamoo, Mjomba," nikasema.

"Marahaba, mwanangu!" Akanishika mikono miwili, kisha akamgeukia binti yake. "Unamwona huyu? Ndiye yule mtoto wa safari ya muusi."

"Oh my God, the moose story!" Binti akacheka. "Daddy ametusimulia mara mia. Auntie, wewe ndiye ulikuwa there lakini hukuona kitu, right?"

"Ndiye," mzee akajibu kabla yangu. "Hakuona kitu."

Nikainamia soda yangu. Basi kaa karibu, rafiki yangu, nikueleze, maana sijapata kumweleza mtu, hata mume wangu ambaye namweleza kila kitu mpaka anajifanya amelala.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini na mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikaa New Hope, kwenye jengo la fleti la ghorofa tatu, lenye zulia la kahawia kwenye korido ambalo halikupata kukauka tangu theluji ya kwanza mpaka ya mwisho. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mama mmoja mtu mzima wa Mombasa. Mwanawe na mkewe walifanya kazi hospitali, wakamleta awalelee watoto. Sisi tulikuwa Wataita, watu wa kanisa, wala hatukuwa na undugu naye wowote, lakini sote tulimwita Nyanya na yeye alitugombeza kama wajukuu wa haki.

Kila Jumapili tukitoka kanisani tulipitiliza kwake. Kulikuwa na mahamri, maharagwe ya nazi, samaki wa kupaka, na chai yenye iliki hadi unapiga chafya. Nyama haikuwapo. Mjini maduka ya nyama halali yalikuwa yameanza kufunguliwa, lakini Nyanya hakutaka kitu kilichokuja kimefungwa kwenye plastiki na kubandikwa karatasi. "Karatasi haina macho," alisema. "Mimi nataka mtu aliyeona." Alikuwa ametimiza miaka mitatu bila kutia nyama kinywani. Siku nyingine, akichambua mchele, alinielezea pilau atakayoipika siku atakapopata nyama ya uhakika, vitunguu vingapi, bizari kiasi gani, na nilikuwa nikimeza mate kama mpumbavu.

Mjomba naye hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa mwanafunzi kutoka Tanga, anasoma chuo kikuu kule Minneapolis, na kila Jumapili alipanda mabasi mawili kuja kula kwa Nyanya. Alimsomea barua za nyumbani na kuswali naye sebuleni. Nyanya alimshonea vifungo vya mashati na kumfungia chakula cha wiki nzima. Huyu, alituambia, ni mwanangu niliyemzaa uzeeni. Mjomba alikuwa akicheka kwa aibu, lakini ungeona jinsi alivyokuwa akikaa kwenye lile kochi, mtu aliyefika kwao.

Baba yangu alisukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na huko alifanya urafiki na fundi wa mitambo, Mzungu mmoja mpole aliyelelewa kaskazini kwenye misitu. Fundi ndiye aliyemfundisha baba kuwinda kulungu. Baba akamvuta Mjomba, na kila mwaka watatu hao walikwenda zile siku za mwisho za msimu, wakati wawindaji wengine wameshachoka na baba ameshapata ruhusa kazini. Mara nyingi walirudi mikono mitupu. "Mmewinda baridi," mama aliwaambia, "nayo mmeipata."

Mwaka ule fundi alikuja mlangoni na barua. Vibali vya muusi vilitolewa kwa bahati nasibu, na jina lake na majina ya wenzake wawili yalikuwa yametoka. Kama hujapata kumwona muusi, ni jamii ya kulungu, lakini mrefu kuliko farasi, na pembe pana unaweza kuzilalia. Baba alipiga makofi. Nyanya, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake akisikiliza kila neno, aliingia ndani, akatoka na kisu kimefungwa kwenye leso.

Kilikuwa cha mpini mweusi, alikuja nacho kutoka Mombasa. Alikinoa pale pale kwenye kitako cha kikombe huku akipanga mambo. Baba alimweleza fundi kwamba kwetu hata ng'ombe wa Krismasi anaitiwa jirani Mwislamu aje ashike kisu, ili pasiwe na mgeni atakayekaa na njaa. Fundi akaona ni jambo la heshima. Ikawa baba atapiga risasi, na Mjomba atakimbia kumchinja mnyama kabla roho haijatoka.

"Risasi haichinji," Nyanya alisema. "Inaangusha tu. Mwanangu atamwahi akiwa hai." Kisha akanishika kidevu. "Na wewe ndiye jicho langu. Wakubwa wana haraka, na mwenye haraka hukubali chochote. Wewe utaniambia ulichokiona."

Kwa maneno hayo nikapata ruhusa ambayo mama alikuwa amenikatalia wiki nzima.

Tulikwenda kwa pikapu ya fundi, saa nyingi kuelekea kaskazini, mpaka nyumba zikaisha na kubaki misonobari na maziwa. Tulilala kwenye kibanda cha mbao chenye jiko la kuni. Bado naikumbuka harufu yake, moshi, soksi mbichi na chai ya maziwa iliyochemshwa kwenye sufuria nyeusi. Kazi yangu ilikuwa kuleta kuni na kuosha vikombe ziwani, kwenye maji ya baridi ya kukata vidole. Fundi alikunja gome la mti kama tarumbeta akaita kwa sauti ya muusi jike, na msitu wote ukanyamaza. Baba alipojaribu ikatoka sauti ya ng'ombe wa Taita anayetaka kukamuliwa, tukacheka hadi Mjomba akamwaga chai yake. Nilikuwa na furaha isiyo na doa. Naitaja kwa sababu ilikuwa ya mwisho ya aina hiyo.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya msimu, theluji nyepesi ikianguka, muusi dume alitoka kwenye vichaka akasimama ukingoni mwa maji. Baba alipiga. Mnyama alipiga goti, akainuka, akatokomea kwenye kinamasi. Mjomba akachomoka na kisu, na fundi akamdaka mkono.

Hapo ndipo yalipogongana mambo mawili ambayo hakuna aliyeyafikiria tuliponoa kisu. Kwa wawindaji wa kule, mnyama aliyejeruhiwa hafukuzwi. Unangoja nusu saa, alale, maana ukimkimbiza ataenda mbali akafe mahali usipompata. Kwa Mjomba kila dakika ilikuwa ni roho ya mnyama inayotoka. Baba alisimama katikati, akiwatazama wote wawili. Mwishowe alimsikiliza mwenye msitu. Mjomba alivumilia labda dakika ishirini, anatazama saa, midomo inacheza, kisha akajing'oa na kukimbia. Nami nikamfuata, ingawa baba aliniita.

Alizama kwenye tope, akaacha buti moja, akaendelea na soksi. Tulimkuta muusi chini ya msonobari, amelala ubavu. Jicho lilikuwa wazi. Nilisimama karibu nalo kabisa, maana nilikuwa nimeagizwa kutazama, nikaona theluji ikitua juu ya jicho na jicho halipepesi. Mjomba aliweka kiganja puani, akakiacha hapo muda mrefu.

"Umemwahi?" baba aliita kutoka mbali.

Mjomba alinitazama. Hakuniambia chochote, wala hakunikonyeza, nataka ulijue hilo. Alisoma bismillahi, akakata. Damu ilitoka nzito, kidogo, ikasimama.

"Nimemwahi!" akajibu.

Njia nzima ya kurudi aligeuzia uso dirishani. Nilidhani anasikia baridi ya mguu.

Tulipofika New Hope harufu ya bizari inayokaangwa ilikuwa imeshajaa korido. Nyanya alikuwa amesimama mlangoni na leso yake mpya. Alimpita baba, akampita Mjomba aliyekuwa na mfuko wa nyama begani, akaja kwangu.

"Jicho langu. Alikuwa hai?"

Ningeweza kusema hapana. Ilikuwa ni kutikisa kichwa tu. Lakini vitunguu vilikuwa motoni tayari, na kila mtu alikuwa akinitazama, na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kuwa mleta habari njema.

"Alikuwa hai, Nyanya. Damu ilimwagika nyingi." Na kwa kuwa alitabasamu, nikaongeza ambalo sikuulizwa: "Alirusha hata teke."

Alipika sufuria mbili. Aliwapelekea sahani Waislamu wote wa jengo letu na la pili yake. Kisha akakaa, akala polepole, na machozi yakamtoka, akicheka na kujifuta kwa leso. Mjomba alisema jino linamuuma, akala kachumbari. Mimi nilikula sahani mbili. Ilikuwa tamu. Hilo linaniumiza zaidi ya yote, kwamba ilikuwa tamu na mimi nilikuwa najua.

Jumapili iliyofuata Mjomba alikuja mapema. Nilikuwa sebuleni namsaidia Nyanya kuchambua maharagwe. Aliketi chini, karibu na miguu yake.

"Nyanya, ile nyama ilikuwa kibudu. Nilichelewa. Nilipomchinja alikuwa ameshakufa."

Nyanya aliweka sinia chini.

"Na mtoto?" akauliza.

Mjomba alinigeukia akangoja, na leo naelewa kwamba alikuwa akiniachia nafasi.

"Mimi nilikuwa nyuma, Nyanya," nikasema. "Sikuona vizuri. Aliniambia ni mzima."

Nilimsingizia, rafiki yangu. Hakuwa ameniambia hivyo hata siku moja.

Mjomba alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Ni kweli. Hakuona kitu."

Nyanya alinivuta kifuani. "Wamekudanganya, mwanangu," alisema, na alinukia udi, na nikamwacha anibembeleze. Kisha akamgeukia Mjomba, akasema neno moja tu, bila ukali. "Kula bila kujua Mungu atanisamehe. Lakini wewe ulikaa ukanitazama nikila."

Nami pia nilikaa nikamtazama. Nilikuwa nimeketi ubavuni mwake.

Siku ile ile aliitupa nyama yote iliyobaki, halafu na magoti yake mabovu akapanda ngazi za majengo mawili, mlango kwa mlango, kuwaambia watu kwamba amewalisha kibudu. Nilimshika mkono kwenye ngazi. Wengine walinisifu kwa kumsaidia mzee.

Mjomba hakuja tena Jumapili. Alituma salamu kupitia kwa baba, na Nyanya alizipokea kwa kuitikia kwa kichwa tu. Baba na wenzake hawakuwinda tena pamoja. Miaka miwili baadaye Nyanya alirudi Mombasa, na siku ya kuondoka alinipa kile kisu. "Kaa nacho wewe," alisema. "Wewe hukuwa na kosa." Alifariki huko kabla sijamaliza sekondari. Nilikuwa na muda wa kumwandikia, nikawa kila mara na mtihani.

Nilipita New Hope hivi karibuni. Zulia limebadilishwa, milango imepakwa rangi ya kijivu, na korido hainukii kitu chochote. Fundi alistaafu akahamia kwa wanawe. Muusi wenyewe, nasikia, wamepungua sana kule kaskazini, na kuwawinda kumepigwa marufuku. Nyama halali sasa ipo kila kona, nami huinunua, na kila mara nageuza pakiti nikasoma karatasi mara mbili. Kisu kipo kwenye droo. Nakikatia mkate.

Pale harusini sahani zilifika. Binti wa Mjomba alikuwa ameinuka kwenda kucheza. Mzee akanisogezea pilau.

"Mjomba," nikasema, "niliona."

"Najua. Ulikuwa umesimama karibu naye kuliko mimi."

"Na nilikusingizia. Ukanificha miaka yote hii, hata kwa watoto wako."

Alipanga kachumbari pembeni mwa sahani. "Sikukuficha wewe, mwanangu. Yule mama alikuwa ameshanipoteza mimi. Nilitaka abakiwe na mtu mmoja wa kumwamini."

Nikaweka kijiko chini. Nilikuwa ndiye mtu huyo mmoja, miaka miwili mizima, na kila Jumapili nilipokea mahamri yangu nikasema asante.

Binti alirudi akihema, akatazama sahani yangu. "Auntie, hujala? Why?"

Mzee alinitikisia kichwa kuwa niache. Nikamwambia binti avute kiti, kwamba ile hadithi anayoijua ina mahali pamoja pa kusahihisha.