Mama wa Seva

Mtunza seva wa redio yetu hapa mjini Niš hutafuna mbegu za maboga kutwa nzima, lakini hufuta vidole kwa leso kabla ya kugusa kibodi. Husema na mashine zake kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mgonjwa ale. Ni kompyuta zinazoendeshwa na mfumo uitwao BSD, nazo ndizo zinazorusha matangazo. Tulipoletewa programu ya kupokea ujumbe wa wasikilizaji, iliyotengenezewa mfumo mwingine, Linux, aliijengea chumba chake kilichotengwa humo humo ndani ya mashine, ambacho mafundi hukiita jela, ikafanya kazi kana kwamba iko kwao. Radovan, mkuu wetu, akamtania: “Mama, mgeni hajaiba, umeshamfunga?”

“Akianguka, asituangukie sisi.”

Mto Nišava ulipofurika, ujumbe ulimiminika mpaka programu ile ikazimika. Radovan akaingia studio mbio. “Tumetoka hewani?”

“Kimezimika chumba kimoja tu,” mama alisema kwenye kibodi yake pembeni, bila kugeuka, huku akikiwasha upya. Kisha akaniambia mimi, msomaji wa habari: “Endelea, dada. Wanakusikia.”

Nikaendelea kutaja mitaa ya kuhamwa, na watu wakahama salama. Siku hizi wageni wakija, Radovan huwapitisha kwanza kwa yule mama, ndipo awaonyeshe ofisi yake.