Georgette na Simu Iliyopokea Kabla Yake

Georgette alizaliwa Uvira, na kabla ya vita alikuwa mpokea simu katika kampuni moja ya meli za mizigo. Wakati ule sikumjua. Uvira mimi nilipita tu, kama nilivyopita fasi nyingi maishani, kikapu begani. Nilimjua hapa Nakivale, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, maana nyumba yake na yangu zinatazamana, na katikati kuna njia ya ng'ombe wa watu wa Endiinzi wanaoshuka ziwani kunywa maji. Ng'ombe hao wamekula mihogo yangu mara nyingi, lakini leo siwasemi wao.

Alikimbia mwaka wa tisini na sita pamoja na mume wake Appolinaire, fundi seremala, na binti yao Divine. Walizunguka Tanzania kwanza, kisha wakaja huku, wakapewa kiwanja, wakajenga. Divine alipokua aliolewa Kampala. Appolinaire alitengeneza milango na vitanda, na Georgette alilima maharage kwa mikono ambayo haikuzoea jembe. Tulikuwa tunamcheka. Alikuwa akilishika jembe kwa vidole viwili, kama mkonga wa simu.

Kule Mbarara, mtaa wa Kakoba, kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara, Hajati Kaudha. Alikuwa na duka, mashine ya kusaga, gereji na malori, na mahindi na maharage yake yalitoka kwetu Nakivale. Karani wake wa kwanza alikuwa akiongea na wakulima kwa simu yake ya mfukoni. Siku alipoacha kazi aliondoka na wakulima wote ndani ya simu ile, akaanza kununua mwenyewe. Hajati akaapa kwamba kuanzia hapo wateja watakuwa wa nyumba, si wa mtu. Akachukua namba moja, akaichora kwenye milango ya malori yote, na ndani ya ghala akafunga santrali, yaani sanduku la ukutani ambalo simu zote zinaingilia humo, na mpokeaji anazigawa: hii dukani, hii kwa mashine, hii gereji. Akatafuta mtu aliyewahi kukaa na kitu cha namna hiyo, na anayesikia Kifaransa, Kifuliiru, Kinyarwanda na Kiswahili cha kila upande. Dereva wa lori akamwambia: yuko Nakivale, anaua maharage.

Ndiyo namna Georgette alivyopata kazi. Alikuwa akikaa Kakoba wiki nzima na kurudi kwetu kila Jumapili.

Chumba cha santrali kilikuwa kidogo, hakina dirisha, na mlango wake ulikuwa wa nondo kwa sababu ya wezi. Mchana, watu walipokwenda kusali na kula, mlinzi alipiga kufuli na Georgette akiwa ndani, maana simu hazina saa ya kusali. Siku moja nilipita kumsalimia nikamkuta hivyo, tukaongea kupitia kwenye nondo.

“Mama Divine, umefungwa?”

“Si mimi, Mzee Baudouin. Ni sanduku wamefunga. Mimi niko nalo tu.”

Alicheka, nami nikacheka, nikampa ndizi kwa kuipitisha katikati ya nondo. Njiani nikirudi sikucheka tena.

Kisha Appolinaire akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa, na maneno yakabaki machache, tena yamevunjika. Kwa simu hukuweza kumsikia kabisa. Ni Georgette peke yake aliyemwelewa, akimtazama usoni. Mimi nilikuwa nampikia uji, namwosha, namnyoa ndevu. Lakini mimi si mke wake. Asubuhi ya Jumatatu alishika kitenge cha Georgette kwa mkono ule mzima, nasi tukafungua vidole kimoja kimoja ili mama aende kazini. Hilo nimelifanya kwa mikono yangu, na ni kazi mbaya.

Georgette aliomba kwa Hajati ruhusa ya kukaa nyumbani. Hajati hakuwa mtu mbaya. Alimwambia, “Nyabo, mama yangu, nani atakaa na sanduku? Haliwezi kuja Nakivale.” Na kuacha kazi haikuwezekana, maana dawa za Appolinaire zilitoka kwenye kazi ile.

Mwaka 2013, masika, radi ilipiga Kakoba na kuunguza santrali. Hajati akaita watu wawili hapo ghalani: Georgette, na Faizal, mtoto wa kaka yake, kijana wa kompyuta. Fundi wa Kampala alikuwa amekwisha sema kwamba sanduku linaweza kupona. Faizal, anayemwita shangazi yake Senga, hakutaka lipone.

“Senga, tupa hilo. Siku hizi santrali iko mawinguni.”

“Juu ya nini?”

“Ni namna ya kusema tu, Senga. Mashine zinakaa kwa kampuni, mbali, sisi tunalipa kila mwezi kuzitumia. Namba inabaki ile ile. Hakuna radi, hakuna betri. Mama hapa anavaa kitu cha masikioni, anafungua kompyuta, anajibu popote penye intaneti.”

“Popote?” Georgette akauliza.

“Hata msalani, Mama.”

“Faizal, mdomo wako!” Hajati akamkemea. Kisha akaugusa ukuta mweusi pale radi ilipopita. “Hili sanduku ni langu. Nikiamka naliona. Hiyo ya mawingu, siku moja wakikasirika wanakata, mimi nabaki naangalia juu kama mtu anayeomba mvua. Lakini simu mimi sijui. Wewe, nyabo, ndiye unashinda nayo. Sema wewe. Nitafanya unavyosema.”

Georgette aliniambia baadaye kwamba hapo hakuona sanduku wala kompyuta. Aliona vile vidole kwenye kitenge.

“Ya mawinguni, Hajati.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Georgette hakuuliza kitu kingine chochote.

Basi akarudi nyumbani. Hajati alimkataza kutangaza, ili watu wasije wakageuza mlango wake kuwa ofisi. Georgette aliweka meza ukutani, paneli ya jua juu ya bati, na kwa kuwa mnara wa simu uko karibu, intaneti ilikuwa nzuri. Appolinaire alikaa kitini pembeni yake akimtazama akisema peke yake na mashine, na nusu ya mdomo wake ikicheka. Kila simu ilipokelewa kwanza na sauti ya msichana, sauti tamu ya redio: karibu, kwa mahindi bonyeza moja, kwa gereji bonyeza mbili. Baada ya hapo ndipo simu ilimfikia Georgette. Aliipenda ile sauti. Alisema ni kama amepewa msaidizi. Mimi pia nilifurahi. Nilipata nafasi ya kutembea tena mpaka Rwekubo kunywa chai na kuangalia watu wanaoshuka kwenye magari.

Wiki za kwanza simu zilikuja. Kisha zikapungua. Watu wa Kabuyanda, upande mwingine ambako Hajati hununua, walipiga, wenye maduka walipiga, lakini sauti za huku kwetu zikawa haba. Georgette akasema ni Mungu anampumzisha.

Aliyekuja kumfungua macho ni Yudita, mjane wa mtaa wa chini, mwenye shamba la mahindi. Alileta mboga kwa mgonjwa, akakaa kwenye mkeka, akazunguka zunguka na maneno, kisha akasema:

“Mama Divine, pole sana. Tulisikia bamekufukuza.”

“Nani amenifukuza?”

“Si ule mwanamke mupya? Ule wa kwa simu. Batu bote banasema Hajati amekutosha kwa kazi, ameweka kamusichana. Na hana adabu! Minabipu, simu ikiita tu, anadaka. Karibu, karibu, anasema mingi, unite zangu zote anazimaliza. Mwizi wa simu mwenyewe anajua bipu haipokelewe!”

Kwetu hakuna mkulima anayempigia tajiri. Unabipu: unaiacha iite mara moja, unakata, naye anaona namba yako na kukupigia kwa salio lake. Ndivyo Nakivale yote ilivyokuwa ikimwita Hajati. Kwenye sanduku la zamani Georgette aliona taa ikiwaka na kuzima, namba ikibaki, akajua ni mtu wetu, akarudisha simu. Alifanya hivyo miaka na miaka bila kuwaza, kama mtu anavyofungua mlango akisikia hodi. Sasa yule wa mawinguni alikuwa anapokea hodi yenyewe, na aliyekata kabla ya kubonyeza hakuacha hata namba kwa Georgette.

“Yudita, ule si mtu. Ni mashini.”

“Basi mashini haina adabu. Tuliacha kumuita. Magunia yangu yako barazani, mvua inapiga, mengine yanaota. Watu wa baiskeli banapita kununua, banataka bure. Na kule Rubondo, kule Juru, ni vilevile.”

Yudita alipoondoka, Georgette alimpigia Faizal. Nilikuwapo, nikimnyoa Appolinaire.

“Mwanangu, ile sauti, huwezi kuiambia ingoje kidogo kabla ya kupokea?”

“Ile imo kwenye kifurushi chetu, Mama. Niliwauliza mwanzoni. Wanaoweza kuiondoa ni wale wa kifurushi kikubwa, na Senga amekikataa kabisa kwa bei yake. Mimi siigusi, iko kwao. Kwani kuna shida?”

“Hapana. Nauliza tu.”

Akakata. Akavua kile kitu cha masikioni, akakiweka mezani polepole. Alijua, nami nilijua: akimwambia Hajati, sanduku litarudi ukutani, naye atarudi nyuma ya nondo.

Akanyamaza. Alipita kwa wachache waliokuwa karibu, akaandika majina ya wenye magunia, lori likaja likabeba. Lakini Nakivale ni kubwa, huwezi kuizunguka kwa miguu na mgonjwa yuko kitandani. Nyumba ile ikabadilika. Appolinaire alikuwa anamtazama, naye anakwepa macho. Alikaa pale mezani na vyuma vyake masikioni akingoja simu ambazo alijua haziwezi kuja, na alikuwa amefungwa kuliko Kakoba, maana kule angalau mlinzi alirudi na ufunguo saa ya kula ikiisha.

Kisha Hajati akapiga mwenyewe.

“Nyabo, lori limerudi tena nusu tupu. Watu wa Nakivale wameacha kulima?”

“Ni mvua, Hajati.”

“Mvua iko hata Kabuyanda, na kule najaza. Sikia. Nataka kuacha Nakivale, malori yote yaende huko. Wewe usiogope, utaendelea kujibu, wa Kabuyanda wanapiga vizuri. Fikiri, uniambie kesho kama kuna sababu ya kubaki.”

Ule ulikuwa mtego wa kweli. Angeweza kukaa kimya, abaki na kazi yake, na nyumba yake, na mume wake. Wangepotea Yudita na wengine tu. Akavuka njia ya ng'ombe akaja kwangu, akakaa kwenye kigogo.

“Mzee, wewe ungefanya nini?”

Mimi nilifikiria ile Jumatatu, vidole. “Ningenyamaza,” nikasema.

“Najua. Wewe huna mahindi, una mihogo, nayo inaliwa na ng'ombe.” Akatabasamu kidogo, akasimama. “Ni mimi nilichagua, Mzee. Hakuna aliyenishika mkono.”

Asubuhi alimpigia Hajati mbele ya Appolinaire, ili asije akasikia kwa mtu mwingine. Alieleza yote: bipu, ile sauti, salio la watu, na kwamba aliyajua kabla hajaulizwa. Sauti ya Hajati nikaisikia mpaka nilipokaa:

“Bipu! Banange! Mimi na umri huu nimeshindwa na bipu!” Hajati alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi kilipoisha sauti ilikuwa ya biashara. “Ungeniambia siku ile ile. Fundi nitamwita wiki hii. Na kiti unakijua.”

“Hajati, naomba nije na mgonjwa wangu.”

“Kuna chumba nyuma ya ghala. Mlete.”

Sikutegemea hilo, na Georgette hakulitegemea. Alimgeukia mume wake na uso wa msichana. Alimweleza: chumba, Mbarara, hospitali iko karibu, tutakuwa wote. Appolinaire alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapeleka mkono ule mzima kwenye mwimo wa mlango, ule alioukata na kuupiga randa mwenyewe, akaushika.

“Hapa,” akasema. Na baada ya kutafuta sana: “Si-kimbii. Tena.”

Georgette alimbembeleza siku ile yote na iliyofuata. Alimwita kwa majina ambayo si yangu kuyaandika. Yule mzee hakuuachia mwimo ila kwa kula na kulala.

Siku lori lilipokuja, lilianza kwa Yudita. Nasuru, dereva, alipakia magunia yaliyopona, akaja kupiga honi kwenye njia yetu. Georgette alikuwa amevaa, kibegi kidogo mkononi. Safari hii hapakuwa na vidole vya kufungua. Appolinaire alikuwa amegeukia ukuta.

Yudita alikuwa ndani ya lori, akienda Rwekubo. Alikuwa na furaha hata akampokea kibegi.

“Mama Divine! Bamekurudisha kwa kazi yako! Na ule kamusichana?”

“Amefukuzwa.”

“Mungu yuko! Panda, panda, mama, tusichelewe.”

Akapanda, akakaa kati ya Yudita na dereva, akatazama mbele. Vumbi liliposhuka niliingia ndani kuwasha moto wa uji. Appolinaire aliuliza neno moja, bila kugeuka, nami kwa mara ya kwanza nililielewa bila kumtazama usoni.

“Ndiyo,” nikamjibu. “Amekwenda.”