Pua ya Nashuyu

Nashuyu alikuwa na kiburi cha pua. Pale nyumba ya manukato ya hekalu, mjini Waset, enzi za mafarao, wanawake kumi na wawili wanasokota maua ya yungiyungi ndani ya mfuko wa kitani, kijiti huku, kijiti kule, wakikamua mafuta mpaka mikono inavimba. Yeye kakaa kwenye kiti chake kifupi, ananusa tu. "Bado. Wewe, sokota, mkate ulikula wa nini?" Akinusa tena: "Haya, tayari." Akisema tayari, mafuta yanakwenda kwa mungu. Miaka kumi na tisa hivyo.

Mwaka ule mto ukafurika, ukaja na homa. Homa ikamchukua mumewe, Kaha. Yeye ikamwacha, ila ikaondoka na pua. Vitunguu, samaki, kinyesi cha punda, vyote sawa, kama kunusa ukuta.

Mwenye akili angesema. Yeye akanyamaza, maana asiyenusa hakai kwenye kile kiti, na kiti ndicho kilichompa mkate. Akawa anatazama nyuso za wasichana. Wakilegeza macho, anasema tayari. Siku sitini akadanganya watu na miungu, asishikwe.

Lakini Kaha alikuwa kwa wakausha maiti, na siku ya sabini hiyo inakuja. Siku hiyo mke anampaka mumewe mafuta kabla hajafungiwa kaburini. Maiti akinuka vibaya, huko aendako nani atamfungulia? Nashuyu alikuwa na mtungi mmoja, uliomeguka mdomo, mafuta kayatengeneza mwenyewe nyumbani baada ya homa. Asubuhi ya maziko akaufungua, akaingiza pua mpaka ikalowa. Hamna kitu. Akaonja, ulimi nao umekufa. Labda yananukia, labda yamechacha kama bakuli la mbwa. Na nyumbani hamna uso wa kutazama.

Ulikuwepo mmoja, wa Tanehesi, dada wa marehemu, msokotaji wa palepale hekaluni, aliyekuja kwa maziko. Hao wawili walikuwa hawapikiki chungu kimoja.

"Wifi, ninusie."

"Mimi? Si ulisema nina pua ya kiboko?"

"Nilikosa. Ninusie, watu wanangoja mtoni."

Tanehesi akamtazama yeye kwanza, wala si mtungi. "Kumbe! Ndiyo maana siku hizi unatukodolea macho kama fisi. Mimi nikadhani ni msiba."

"Usimwambie mtu, wifi yangu. Nakushika miguu."

Tanehesi akanusa. Akausukuma mtungi. "Yameoza. Mpake kaka yangu haya, hata mbweha wa makaburini atakimbia."

Nashuyu akakaa chini puu, kama gunia. "Nifanyeje sasa?"

"Ninayo yangu, nimejiwekea maziko yangu. Chukua. Haya yako nitakwenda kuyatupa mimi. Ila kesho umwambie msimamizi kiti ni changu."

"Na mimi nitakula wapi?"

"Utasokota. Mikono si unayo?"

Jua lilikuwa linapanda, maiti anangoja. Akakubali. Aliyekabwa koo hachagui mkono wa kushika.

Ng'ambo ya magharibi akampaka Kaha kichwa mpaka nyayo. Watu wakapumua kwa nguvu, wakasema huyu atapokelewa. Halafu akainama kumuaga, pua kwa pua, kama mtu anavyomuaga wake, achukue harufu yake ya mwisho abaki nayo. Akavuta. Akavuta tena, mpaka wakamwondoa kwa mikono.

Ukuta.

Kesho yake akasema mwenyewe kwa msimamizi, mbele ya watu, kwamba hana pua. Akapewa kijiti. Tanehesi akakalia kiti, akajinyoosha, akatoa chini ya nguo mtungi, umemeguka mdomo. Akachovya kidole, akajipaka shingoni taratibu.

Nashuyu akatazama nyuso za wasichana. Macho yakalegea, moja baada ya jingine, mpaka wa mwisho. Mmoja akasema, "Dada, hayo ya wapi? Mazuri!"

Kijiti kikamponyoka.

"Bado, wifi," Tanehesi akasema. "Sokota."