Seli za Kunguni Basi

Mjomba alipostaafu ulinzi wa ghala alianza kutengeneza dawa ya kunguni kwenye ndoo ya bluu, jikoni kwa mkewe. Aliikoroga kwa mkono mtupu. Mtaa ukambatiza jina: Kunguni Basi.

Kunguni walikufa kweli. Ila vikombe navyo vilianza kumponyoka, na vifungo vya shati vikamshinda. Alilaumu mafundi cherehani wa siku hizi.

Mimi naotesha seli za neva za binadamu maabara. Tunazidondoshea kemikali tuone ipi inadhuru. Nikabeba chupa yake moja, nikaipima, nikarudi kumwambia seli zote zimekufa. Akauliza zilikuwa za nani. Nikasema za mtu fulani aliyejitolea, simjui.

"Huyo mtu legelege. Kapime na za mwanamume."

Tukaenda kliniki akatwe ngozi ya bega, kipande kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Alikataa sindano ya ganzi. Alipoguswa tu na pamba alilia hadi mgonjwa wa foleni akaja kumshika mkono.

Ngozi ile tuliigeuza kuwa neva kwa miezi mitatu, na kila Ijumaa alipiga simu kuuliza kama wanawe wamekula. Mkewe alisema aliowazaa yeye hawakuwahi kuulizwa swali hilo.

Siku ya kupima alikuja mwenyewe. Kwenye hadubini aliziona seli zimenyoosha nyuzi, zimeshikana. Akachagua moja iliyojitenga pembeni, akasema ile imemrithi. Nikadondosha dawa kwenye kisahani kimoja, cha pili nikakiacha.

Kesho yake kisahani cha pili kilikuwa kama jana. Kwenye kile cha dawa nyuzi zilikuwa zimekatika vipandevipande. Akaangalia kimoja, akarudi kwa kingine, mara nne. Halafu akajaribu kufunga koti la maabara nililomvalisha, akashindwa.

"Nifungie, mama," akaniambia.

Jioni hiyo alipita nyumba kwa nyumba akidai chupa alizokuwa ameuza zirudishwe, maana dawa imemuulia wanawe. Majirani wakaja kutoa pole. Mkewe, ambaye wanawe wote wawili walikuwa sebuleni wakitazama mpira, akawapangia viti, kisha akamwita mumewe aje aeleze marehemu ni wa mama gani.

Mwaka umepita sasa. Vifungo vyote vya chini anavifunga mwenyewe. Cha shingoni bado.