Hesabu ya Mzee Dismasi

Mzee Dismasi alikataa kwa maneno matatu: "Atazalia hapa hapa."

Shadya, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuwa ameiacha boti ya kwenda Kigoma ikipakia ufukweni, akapanda mlima kuja kumwomba tena. Esther, mkamwana wa mzee, alikuwa na miaka kumi na sita, mimba ya kwanza, miguu imemvimba. Mumewe, Yona, alikuwa kambi ya dagaa. Bila ruhusa ya baba mkwe, Esther hakuweza kwenda popote.

"Mzee wangu, akasubirie mjini, karibu na hospitali. Wiki mbili tu."

"Marehemu mke wangu alizalia mle ndani. Wanne. Wote wazima."

Bi Mwamini, mkunga wa zamani, alikuwa upenuni akichambua maharage. Akaguna.

"Wanne! We Dismasi, kuku wako unawahesabu vizuri zaidi. Mkeo Skolastika alizaa tisa."

Mzee akainuka. Kwao, mtoto mchanga aliyekufa kabla ya kitovu kudondoka alizikwa na wanawake. Mwanamume aliambiwa tu, "Mimba imeharibika." Yeye enzi hizo alikuwa akivua, wiki tatu harudi. Akirudi anamkuta mkewe shambani, analima. Hakuuliza.

"Nionyeshe," alisema.

Bi Mwamini akampeleka migombani nyuma ya nyumba, akawa anaonyesha kwa fimbo walipozikwa.

"Huyu, mama yake alikuwa mdogo kama huyo Esther wako. Huyu alizaliwa hata mwaka wa mwenzie haujaisha, mama amekauka, maziwa hana. Huyu na huyu ni homa. Tulitaka kuwapeleka Kigoma."

"Mbona hamkuwapeleka?"

"Tulikuwa tunakusubiri wewe urudi, useme."

Upepo ukapita kwenye migomba.

"Wa tano?"

"Alimzika mwenyewe. Wapi, hakuniambia."

Mzee alitazama chini, asijue aweke wapi mguu.

Akiwa njiani kurudi uani, alisema kabla hajafika: "Esther, funga nguo zako. Nenda."

Esther hakuinuka. Alikuwa ameng'ang'ania nguzo, kanga imelowa. Shadya amepiga magoti mbele yake.

"Chupa imepasuka, mzee."

"Basi mpelekeni kwenye boti!"

"Boti imeondoka tukiwa tunabishana hapa. Nyingine ni kesho."

Wanawake wakamshika Esther huku na huku, wakamwingiza ndani. Mlango ukafungwa. Mzee alibaki nje, akimsikia Esther akimwita mama yake.